Ndugu ni nani? Kanuni na maulizo katika data ya ukoo

Neno 'ndugu' ni miongoni mwa maneno yanayowasumbua sana watunga kamusi wa Kiswahili. Kwanza ni mtu mliyezaliwa naye kwa baba au mama mmoja. Ukisogea kidogo, ni jamaa yeyote wa ukoo. Ukisogea tena utamkuta rafiki, kisha mwenzako katika chama au katika imani. Binadamu halimpi shida neno hili kwa sababu muktadha humsaidia. Kompyuta haina muktadha isipokuwa ule tuliouandika sisi, na hapo ndipo mambo huchacha.

Mpenzi msomaji, katika makala ya leo ninanuia kulitumia neno hilo na wenzake, yaani shangazi, mjomba, binamu na baba mdogo, kufafanua uamuzi unaomkabili kila anayeweka maarifa kwenye mtandao kwa namna ambayo mashine yaweza kuyafuatilia. Je, maana ya neno tuiandike kama kanuni, ili kompyuta ijiamulie yenyewe nani ni nani? Au tuhifadhi taarifa za msingi pekee, kisha tuulize pale tunapohitaji jibu? Wahandisi wana majibu yao, yanayohusu kasi na ukubwa wa mitambo. Mimi ni mtu wa lugha, na kwa maoni yangu swali hili lilikuwa letu kabla halijawa lao.

Mfano wangu unatoka Matungu, Kaunti ya Kakamega, nchi ya Wawanga. Vijana kadhaa wa ukoo mmoja wamekuwa wakizunguka na simu zao, Koyonzo hadi Kholera, wakiwarekodi wazee: nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi, nani alihamia ng'ambo ya Mto Nzoia. Si kazi ya kujifurahisha. Wanataka rekodi itakayowasaidia katika mambo mawili yanayovunja familia huku kwetu, yaani ndoa na mashamba. Mtu anapofariki na shamba likabaki kwa jina lake, familia huenda kwa chifu kuomba barua inayowataja warithi. Barua hiyo hupelekwa mahakamani, na mtu ambaye jina lake halimo aweza kulipia upungufu huo kwa miaka mingi ya kesi. Kuhusu ndoa, kijana na msichana waliokutana Nairobi huweza kufika nyumbani na posa tayari, kisha bibi kizee mmoja akawaambia hawawezi kuoana kwa kuwa mama zao ni wa ukoo mmoja. Bibi huyo akishazikwa, nani atawaambia?

Vijana hao waliniletea faili yao wakitaka niwakagulie istilahi. Niligundua upesi kwamba shida yao haikuwa tahajia.

Kwanza nieleze data yenyewe ilivyo. Katika toleo la Mei 2001 la jarida la Scientific American, Tim Berners-Lee, mtu aliyebuni wavuti, pamoja na James Hendler na Ora Lassila walieleza matarajio yao ya wavuti wa maana: taarifa ambazo si za kusomwa na watu tu, bali ambazo mashine pia yaweza kuziunganisha. Msingi wake, mfumo uitwao RDF, ulikuwa umeidhinishwa mwaka 1999. Mwalimu yeyote wa sarufi ataupenda. Kila taarifa ni sentensi sahili yenye sehemu tatu: kiima, kitenzi, shamirisho. Musa anaye baba Rajabu. Rajabu anaye baba Shiundu. Omari anaye baba Shiundu. Juma anaye baba Omari. Basi. Hakuna vivumishi, hakuna vishazi tegemezi. Kila mtu, tena, hupewa anwani yake ya pekee, ili Shiundu huyu asichanganywe na Shiundu mwingine wa kijiji cha pili. (Majina haya ni ya mfano tu; asije mtu akadhani namtaja jirani.)

Sasa, kutokana na sentensi hizo nne, mtu yeyote wa Matungu anajua kwamba Omari ni baba mdogo au baba mkubwa wa Musa. Lakini hakuna sentensi hata moja inayosema hivyo. Maarifa hayo yamo ndani ya data bila kuandikwa, na yanaweza kutolewa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kanuni. Unaiambia kompyuta: ikiwa fulani ana baba, na baba huyo ana kaka, basi kaka huyo ni baba mdogo au mkubwa wa fulani. Mashine hupitia data yote na kuongeza sentensi mpya kila sharti linapotimia. Njia ya pili ni ulizo. Hapa huongezi kitu. Unauliza: nitafutie kaka za baba yake Musa. Jibu likishatoka, data hubaki ilivyokuwa. Nimechagua neno 'ulizo' badala ya 'swali' kwa makusudi, kwa kuwa swali huulizwa mtu, naye aweza kukujibu kwa swali jingine, kama wafanyavyo wazee wetu. Ulizo lina umbo lake maalumu, na hujibiwa kwa kilichomo tu.

Kanuni si ngeni kwetu wanaisimu. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kuiandikia kompyuta kanuni za kuchanganua maneno ya Kiswahili, na yeyote aliyewahi kufundisha ngeli anajua raha na karaha ya kazi hiyo. Kitabu, vitabu. Kiti, viti. Kanuni inakwenda sawasawa mpaka ikutane na kifaru, ambaye wingi wake ni vifaru lakini 'anakimbia', hasemwi 'kinakimbia'. Hapo unaandika kanuni ya pili kuhusu viumbe wenye uhai, na unaendelea na safari. Kanuni za aina hii ni nzuri kwa sababu wasemaji wote wanakubaliana juu ya jibu. Hakuna anayekwenda mahakamani kwa ajili ya wingi wa kifaru.

Maneno ya ukoo ni tofauti. Yaliyo mepesi kati yake hayajali njia utakayochagua. Shangazi ni dada ya baba, na Wawanga husema 'senje'. Mjomba ni kaka ya mama, naye huitwa 'khotsa'. Kanuni itakupa jibu lile lile ambalo ulizo lingekupa. Kama data ni ndogo na watu ni mia chache, hata kasi haitatofautiana kwa kiasi cha mtu kutambua. Ndiyo maana vitabu vingi vya utangulizi hutumia mifano hii, na ndiyo maana msomaji wake huondoka akidhani kwamba kanuni na ulizo ni nguo moja iliyopinduliwa.

Haya, turudi kwa ndugu. Katika Luwanga, kama ilivyo katika lahaja nyingine nyingi za Kiluhya, kaka ya baba yako ni 'papa' pia. Watoto wake si binamu zako. Ni ndugu zako. Na haliishii hapo. Watoto wa ndugu wawili ni ndugu, wajukuu wa ndugu wawili ni ndugu, na hivyo hivyo kushuka, maadamu wote wamefuata mkondo wa baba na wamesimama katika kizazi kimoja. Ukitaka kuieleza maana hii kwa sentensi moja, utasema: watu wawili ni ndugu ikiwa baba yao ni mmoja, au ikiwa baba zao ni ndugu.

Itazame sentensi hiyo kwa makini. Inalifafanua neno 'ndugu' kwa kulitumia neno 'ndugu'. Mwanafunzi akiniandikia fasili kama hiyo katika insha nitamkata alama, lakini kwa kompyuta ni fasili halali kabisa, ya kanuni inayojirudia. Mashine huanza na wale wenye baba mmoja, kisha huwatumia hao kuwapata watoto wao, kisha watoto wa watoto, hadi pasiwe na jozi mpya ya kuongeza.

Ulizo, kwa upande wake, hukwama hapa. Lugha ya maulizo ya wavuti wa maana, iitwayo SPARQL, ilipoidhinishwa Januari 2008 haikuwa na namna ya kusema 'panda kwa baba mara nyingi kadiri iwezekanavyo'. Kumtafuta mhenga wa mbali, ilibidi uhesabu hatua wewe mwenyewe, au utumie kanuni. Toleo la 1.1, la Machi 2013, lilileta uwezo huo. Leo waweza kuuliza wahenga wote wa Musa kwa mstari mmoja, bila kanuni yoyote, na wapo wahandisi waliohitimisha kwamba kanuni zimepitwa na wakati. Wawaulize Wawanga. Ukisema 'panda kwa baba hatua moja au zaidi, kisha shuka hatua moja au zaidi', utampata Juma, ambaye ni ndugu yake Musa kweli. Lakini utampata pia Omari, ambaye ni baba yake mdogo. Utampata mtoto wa Juma, ambaye kwa Musa ni mwana. Utampata hata Musa mwenyewe. Kwa hatua hizo za kupanda na kushuka peke yake, lugha hiyo ya maulizo haina namna ya kusema kwamba hatua za kushuka ziwe sawa na zile za kupanda. Inajua kwamba njia ipo, lakini haikumbuki urefu wake.

Wanasayansi wa kompyuta wanalijua tatizo hili kwa jina la watu wa kizazi kimoja, na wamelitumia kwa miaka mingi kama mfano wa kufundishia, pengine bila kufikiri kwamba kuna watu wanaoishi ndani ya mfano huo na kuitana kwa majina yake kila asubuhi.

Ipo njia ya kando. Kama unajua kwamba wazee hawakumbuki zaidi ya vizazi saba, unaweza kuandika ulizo la vipande saba: panda moja shuka moja, panda mbili shuka mbili, hadi saba. Linafanya kazi. Ila umeigeuza maana ya neno kuwa orodha, na siku mzee wa kizazi cha nane atakapopatikana, 'ndugu' litakuwa limepungukiwa bila yeyote kujua. Kwa hiyo niliwaambia vijana, hapa andikeni kanuni. Sikuwaambia hivyo kwa ajili ya kasi. Kanuni hiyo ndiyo maana yenyewe ya neno katika lugha ya watu waliowarekodi, na ukoo mzima unaikubali.

Neno 'binamu' lilinifanya niwape ushauri wa kinyume. Asili yake ni Kiarabu, mtoto wa kiume wa ami, yaani wa kaka ya baba. Katika Kiswahili cha leo limepanuka likawa mtoto wa ami, wa mjomba, wa shangazi, wa mama mdogo, wa kike kwa wa kiume. Wanafunzi wetu wa sekondari hukaririshwa pia 'mkoi' kwa mtoto wa mjomba au wa shangazi, na ni wachache sana wanaolitumia nje ya chumba cha mtihani. Sasa we jiulize: Musa na Juma ni binamu? Kwa mtu wa pwani, ndiyo, tena kwa maana ya asili kabisa ya neno. Kwa mzee wa Koyonzo, hapana. Ni ndugu, na kuwaita binamu ni kuwatenganisha. Ukiandika kanuni itakayojaza neno 'binamu' katika rekodi yote, utakuwa umemtia mzee maneno ambayo hakuyasema, na mjukuu wake atayasoma akidhani yalitoka kinywani mwake. Neno hilo liachwe liwe ulizo. Anayetaka kuwajua binamu zake kwa maana ya pwani aulize kwa maana ya pwani.

Sheria inalifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 kinakataza ndoa kati ya jamaa wa karibu, na binamu wamo katika orodha hiyo. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba katazo la binamu haliwahusu watu wa imani ya Kiislamu. Na Wawanga wengi ni Waislamu. Dini hiyo iliingia Mumias zamani, ikiandamana na wafanyabiashara Waswahili waliofika katika himaya ya Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949. Mila nayo ina mipaka yake, mipana kuliko ya sheria: huoi katika ukoo wa baba yako, wala katika ukoo wa mama yako, hata kama hakuna anayeweza kuonyesha babu mnayechangia.

Tumchukue basi Musa, na msichana ambaye mama yake ni shangazi yake Musa. Kwa sheria ya nchi ni binamu, ndoa imekatazwa. Wakiwa Waislamu, katazo hilo la sheria haliwagusi. Kwa mila, Musa hawezi kuoa katika ukoo wa mama wa msichana huyo wala msichana kuolewa nao, maana huo ndio ukoo wa Musa mwenyewe. Majibu matatu, data moja. Vijana walikuwa wameanza kuandika kanuni ambayo ingeongeza sentensi ya namna hii: fulani haruhusiwi kuoana na fulani. Niliipinga. Sentensi hiyo haielezi jambo lililotokea kama vile kuzaliwa. Ni jibu la ulizo, lililotolewa chini ya sheria fulani, kwa mtu wa imani fulani, katika mwaka fulani. Sheria ikirekebishwa Nairobi kesho, hakuna atakayekuwa amezaliwa upya Matungu, lakini rekodi itaendelea kuwakataza watu. Maulizo matatu, kila moja likiwa na jina la sheria yake juu, yanatosha.

Upande wa urithi una mtego mwingine, nao ni wa ukanushi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inaeleza nani arithi pale ambapo marehemu hakuacha wosia, mwenzi wala mtoto: wazazi kwanza, kisha kaka na dada, kisha jamaa wa mbali zaidi hadi daraja la sita la undugu wa damu. Mali ya Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, ambayo ni somo kubwa peke yake. (Al-Khwarizmi, yule ambaye jina lake limetupa neno algorithimu, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa hesabu za mirathi na wasia, katika karne ya 9. Kanuni za ukoo zilitangulia kompyuta kwa miaka elfu moja na zaidi.) Angalia masharti yenyewe: hakuacha mtoto. Kompyuta itajuaje?

Ukiuliza kwa SPARQL watu wasio na mtoto, itakuletea wote ambao hawana mtoto aliyeandikwa. Kiswahili kinatenganisha vizuri 'hana' na 'hajaandikwa', ulizo halitenganishi. Mifumo ya kanuni iliyojengwa juu ya mantiki ya wavuti wa maana, hasa ule uitwao OWL ulioidhinishwa mwaka 2004, imeshikilia msimamo tofauti: kutokuwepo kwa taarifa si taarifa ya kutokuwepo. Mfumo huo hautakubali kusema kwamba Rajabu hana binti mpaka mtu aandike wazi kwamba watoto wake wote wametajwa. Wahandisi wengi hukereka na ugumu huo, na kwa duka linalohesabu sukari rafuni nawaelewa. Kwa barua ya chifu, mimi nauunga mkono. Binti aliyeolewa Busia mwaka 1974 na ambaye hakuna aliyemtaja mbele ya simu ya kijana bado ni binti. Ulizo laweza kutumika, ila jibu lake liandikwe 'hakuna mtoto aliyetajwa', na jina la aliyehojiwa liwekwe kando yake.

Lakini OWL nayo ina vituko vyake, na kimoja kinatuhusu. Unaweza kuiambia kwamba kila mtu ana baba mmoja tu. Ni kweli, si ndio? Sasa mzee mmoja akihojiwa anasema baba ya Musa ni Rajabu, na mwingine, akifuata desturi, anasema baba ya Musa ni Omari, kwa sababu Omari ni papa wake pia. Ungetarajia mashine ipige kelele kwamba kuna mgongano. Haipigi. Inatafakari hivi: baba ni mmoja, yametajwa majina mawili, kwa hiyo Rajabu na Omari ni mtu yule yule. Kisha mashamba ya wote wawili yanakuwa ya mtu mmoja, wake zao wanakuwa wa mtu mmoja, na Juma anakuwa mtoto wa baba yake Musa. Kanuni haikukosea hata kidogo kimantiki. Neno 'baba' ndilo lililobeba mambo mawili: mzazi, na mtu wa kizazi cha mzazi. Na kwa kuwa huku kwetu mtoto hurithi jina la babu aliyefariki, kanuni nyingine ambayo vijana waliiona rahisi, kwamba jina moja na boma moja ni mtu mmoja, ingemfanya Shiundu mdogo kuwa babu yake mwenyewe.

Dawa ya hapo si kanuni bali ni ukaguzi. Tangu mwaka 2017 kuna lugha iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, SHACL, ambayo haiongezi taarifa yoyote; hukuonyesha tu kwamba Musa ana baba wawili na kukuachia wewe uende ukaulize tena. Mimi ningeanza na kutenganisha maneno. Katika sentensi za msingi tumeliondoa neno 'baba' kabisa, tukaweka 'amezaliwa na'. 'Papa' linabaki kuwa neno la kanuni, na lina nafasi yake.

Ipo sababu moja zaidi ya kutozipenda kanuni kupita kiasi, nayo ni ya kawaida mno. Lugha ya maulizo ni moja, na ulizo ulilolitunga leo litafanya kazi katika hifadhidata nyingi tofauti. Lugha za kanuni zimetawanyika. Pendekezo moja mashuhuri, SWRL, lilitolewa mwaka 2004 na halikupanda kamwe kuwa kiwango rasmi; lingine, RIF, liliidhinishwa mwaka 2010 lakini halikuwavuta watu wengi. Vijana wa kijiji wasio na fedha za kudumisha mitambo wanapaswa kulifikiria hilo. Tena mpaka wenyewe ni mwembamba: SPARQL ina aina ya ulizo ambalo jibu lake ni sentensi mpya za kiima, kitenzi na shamirisho, na ukizirudisha kwenye data umefanya kazi ya kanuni kwa mkono.

Mradi mkubwa wa Wikidata, ulioanzishwa Oktoba 2012, umechagua upande wa maulizo karibu kabisa. Unahifadhi baba, mama, mtoto, ndugu wa kuzaliwa. Ukitaka mjomba, unauliza, ama mtu amwandike chini ya 'jamaa' na kutaja ni jamaa wa aina gani. Unakubali pia taarifa mbili zinazopingana zikae pamoja, kila moja na chanzo chake. Kwa rekodi ya dunia nzima, yenye desturi zisizohesabika, sioni kama wangeweza kufanya vinginevyo. Rekodi ya ukoo mmoja ina uhuru zaidi, kwa kuwa wenye lugha ni wale wale wenye data.

Faili ya Matungu sasa ina sehemu mbili zisizochanganywa. Ya kwanza ni ya maneno ya wazee: amezaliwa na, ni wa kike au wa kiume, ameoana na, ni wa ukoo wa, pamoja na nani alisema na lini. Hakuna mashine inayoruhusiwa kuandika humo. Ya pili ni ya yale yaliyotokana na kanuni, nazo ni nne tu: ndugu, papa, senje na khotsa. Mengine yote ni maulizo. Mzee akirudi na kusema, 'Hapana, yule alilelewa tu na Omari, hakuzaliwa naye,' sentensi moja hurekebishwa katika sehemu ya kwanza, na sehemu ya pili hufutwa yote, kila neno, kisha kanuni hukimbizwa upya. Wangeweza kujaribu kuondoa tu yale yaliyotegemea sentensi iliyokosewa, lakini kuyafuatilia ni kazi ngumu hata kwa mifumo ya kulipiwa, na kwa watu mia chache kufuta na kuanza upya hakuchukui hata muda wa chai kupoa.